Aliyevuka Mpaka Ndani ya Buti

Barabara ya Jinja ikishaiacha Lugogo hufika kwenye taa za Nakawa, ikapita soko, ikapanda kuelekea Kyambogo na Banda, na kuendelea hadi Jinja, Iganga, na mwisho Malaba na Busia kwenye mpaka wa Kenya. Ni mwendo wa kilomita kama 200. Makontena ya kutoka Mombasa huingilia huku, na huku ndiko anakotokea mtu anayekwenda Nairobi. Katika miaka ya Idi Amin, safari ya Kenya kwa wengi ilikuwa safari ya kuokoa roho. Mwaka 1977 kijana mmoja, Geoffrey Oryema, alivushwa mpaka huo akiwa amejikunja ndani ya buti la gari. Asubuhi ile alikuwa mwigizaji, mpiga muziki na mtoto wa waziri. Buti lilipofunguliwa upande wa pili, alikuwa mkimbizi.

Nimeishi kando ya barabara hii tangu utotoni: kwanza Naguru, kwenye kambi ya polisi alikofanya kazi baba yangu, kisha chini huku Nakawa. Habari ya Oryema nimeisikia ikisimuliwa mara nyingi kama msiba, na msiba umo kweli. Lakini mimi imenifundisha zaidi juu ya kazi kuliko juu ya kifo. Wanaoandika habari zake hupenda kumsifu kuwa alikuwa mtu wa mambo mengi: jukwaa la maigizo, nanga, filimbi, gitaa, nyimbo za Kiacholi, za Kiswahili, za Kiingereza, muziki wa televisheni, muziki wa filamu. Sifa hiyo ni ya haki, ila kuna jambo linafichika ndani yake. Watu wawili wanaweza kuwa na kazi nyingi maishani kwa sababu mbili zisizofanana hata kidogo, na tusipozitenganisha hatutaelewa lolote katika maisha ya Oryema, wala katika maisha ya vijana wanaopita mbele ya mlango wangu kila siku wakitafuta riziki.

Nianze na baba yake, kwa sababu kwetu kambini habari ilianzia kwake. Erinayo Wilson Oryema alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi ya Uganda, kuanzia mwaka 1964. Amin alipopindua serikali mwaka 1971, mzee huyo aliingizwa kwenye baraza la mawaziri. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake, Charles Oboth-Ofumbi. Wote watatu waliuawa. Redio ya serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Baba yangu, aliyekuwa askari wa cheo cha chini, kila alipomtaja marehemu alianza na cheo, halafu jina, kama vile mzee angeweza kuingia mlangoni wakati wowote na kumkuta ameketi. Miaka ilipita, serikali zikabadilika, naye hakuiacha desturi hiyo.

Jambo ambalo baba hakuwahi kunisimulia, na ambalo nililijua baadaye sana, ni kwamba mkuu huyo wa polisi alikuwa mpiga nanga. Nanga ya Waacholi ni ubao uliochongwa ukawa na shimo mfano wa kihori, na juu yake waya mmoja hupitishwa kwenda na kurudi hadi zipatikane nyuzi saba. Mzee alimfundisha mwanawe kuipiga angali mdogo. Mama naye alikuwa mkurugenzi wa kundi la taifa la ngoma, Heartbeat of Africa, lililoitembeza Uganda duniani baada ya uhuru. Katika nyumba hiyo ya afisa wa serikali, yenye saluti na magari ya kazi, mtoto alikuwa akilelewa na mikono miwili ya sanaa. Nalitia mkazo hili kwa sababu tunapenda kuamini kwamba msanii ni mtu aliyeasi nyumbani kwao. Oryema hakuasi. Alichokifanya baadaye Ulaya kilianza sebuleni, kati ya baba na mama.

Alipokua aliingia kwenye maigizo. Alisomea sanaa hiyo hapa Kampala, akaandika, akaigiza, akawa katika Theatre Limited, kundi lililochanganya masimulizi na ngoma za kwetu na mafunzo ya uigizaji ya Stanislavsky wa Urusi na Grotowski wa Poland. Jina linalotajwa zaidi na kundi hilo ni la Robert Serumaga, ambaye naye anastahili makala yake: alisomea uchumi Dublin, akaandika riwaya na tamthilia, akashiriki harakati za kumwondoa Amin, akawa waziri wa biashara mwaka 1979, na mwaka uliofuata akafariki Nairobi. Kampala ya wakati ule ilikuwa na watu wa namna hiyo, watu ambao hawakujua kwamba mtu anatakiwa kuwa kitu kimoja. Kisha ikawaua wengine na kuwatawanya waliobaki.

Sasa nivuke bahari kidogo. Mwezi uleule wa Februari 1977, siku chache baada ya mauaji ya Kampala, ilitoka London albamu ya kwanza ya Peter Gabriel akiwa peke yake. Gabriel alikuwa Mwingereza wa miaka 27, aliyepata jina kama mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo Genesis, bendi aliyoianzisha na wenzake wakiwa wanafunzi. Alikuwa akipanda jukwaani amevaa vinyago na mavazi ya ajabu, mara kichwa cha mbweha, mara petali za ua kuzunguka uso. Mwaka 1975, bendi ikiwa inapanda, alijitoa. Alikaa na familia yake, akatafakari, akarudi na albamu ile, na wimbo wake uliojulikana zaidi, Solsbury Hill, unahusu uamuzi huohuo wa kuondoka.

Naziweka tarehe hizi mbili pamoja kwa makusudi. Mwezi mmoja, wanamuziki wawili. Mmoja anaacha alichokuwa nacho kwa sababu moyo wake unataka kitu kingine, naye anapewa studio ya kuimbia kuondoka kwake. Mwingine anaachanishwa na kila kitu usiku mmoja. Miaka 13 baadaye watu hao wawili watakutana katika kazi moja, na ulimwengu utawasifu wote kwa neno lilelile, kwamba ni wasanii wasiotulia mahali pamoja. Gabriel hakutulia kwa hiari yake, lakini Oryema hakuachwa atulie. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa kuliko tofauti ya nchi zao, rangi zao au ala zao.

Wala simsemi Gabriel kwa ubaya. Uhuru si kosa. Swali ni mtu anaufanyia nini. Mwaka huohuo wa 1977, mwezi wa Septemba, mpinga ubaguzi Steve Biko aliuawa mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini, na waziri wa serikali ya makaburu akasema ni kwa ajili ya mgomo wa kula. Ajali ya gari huku, mgomo wa kula kule: serikali mbili zilizochukiana, na uongo wa namna moja. Mwaka 1980 Gabriel alitoa wimbo juu ya Biko, akaendelea kuuimba katika matamasha yake kwa miaka mingi. Mwaka huohuo akawa miongoni mwa walioanzisha WOMAD, shirika la kuwaleta pamoja wanamuziki na wachezaji wa dunia nzima. Tamasha lao la kwanza lilifanyika Shepton Mallet mwaka 1982, na kati ya waliopanda jukwaani walikuwemo wapiga ngoma wa Burundi, jirani zetu hawa. Wasikilizaji waliofika walifurahi. Hesabu za fedha zilikuwa mbaya sana. Deni lilikuwa kubwa kiasi kwamba wenzake wa zamani wa Genesis walikubali kukutana naye tena kwa onyesho moja, Oktoba ya mwaka huohuo huko Milton Keynes, ili lilipwe.

Hapo huwa nasimama kidogo. Mtu aliyewaacha wenzake akiwa juu anarudi kwao akiwa na deni, nao wanakuja. Angeweza kusema yametosha, nirudi kwenye nyimbo zangu zinazouzwa. Hakusema hivyo. Aliendelea na WOMAD. Mwaka 1986 albamu yake So ikampa umaarufu ambao Genesis ya enzi zake haikuwahi kumpa. Mwaka 1989 akatoa albamu ya muziki alioutungia filamu, akiwa amewaalika wanamuziki kutoka Senegali, Misri, Uturuki na kwingineko. Na mwaka huo akaanzisha kampuni ya Real World, yenye studio katika kijiji cha Box, kusini-magharibi mwa Uingereza. Fedha alizozipata kwa kubadilika kwake alizigeuza kuwa chumba ambamo wengine waliweza kuingia. Katika mambo yote ya Gabriel, hili ndilo ninaloliheshimu kuliko lingine.

Ndani ya nyumba hiyo ya Real World ndimo alimoingia Oryema. Alikuwa amefikia Ufaransa, akawa mtu wa nchi ile. Mwaka 1990 ikatoka albamu yake, Exile, na mtayarishaji wake alikuwa Brian Eno, Mwingereza mwingine wa roki aliyetoka katika bendi ya Roxy Music na kwenda kutengeneza sauti za U2 na Talking Heads. Mtu mwenye jina la Eno angeweza kuifunika sauti ya mgeni kwa mitambo. Sikiliza uone alichokifanya: amekaa mbali. Kinanda chake kiko nyuma kama hewa ya chumba, na mbele kabisa imesimama sauti nene ya Oryema, isiyo na haraka, pamoja na nanga, filimbi na lukeme.

Lukeme naifahamu kwa mkono. Ni kisanduku cha mbao, juu yake vimepangwa vijiti vya chuma vilivyopondwa vikawa bapa, na mpigaji huvibofya kwa vidole gumba. Kila kijiti kimebanwa bila kugongelewa misumari, kwa hiyo ukikisukuma mbele kikawa kirefu sauti hushuka, ukikirudisha nyuma hupanda. Wapo wanaovivalisha pete ndogo za waya ili kila noti itoke na mvumo wake, mkwaruzo mdogo ambao mgeni hudhani ni hitilafu. Mzee mmoja wa Kiacholi aliyekuwa jirani yetu Naguru alikuwa akikaa kwenye ngazi za nyumba yake jioni, ameiweka lukeme kwenye mapaja, anaweka sawa vijiti kwa kisu cha mezani kabla ya kupiga. Nusu saa ilikuwa ya kupanga, robo saa ya kupiga. Sisi watoto tulichoka kumngoja. Nilipokuja kuisikia lukeme ya Oryema kwenye spika, mvumo ule ukiwa haujafutwa na mtambo wowote, nilielewa kwamba mtu huyu alikuwa amepewa studio ya kisasa kuliko zote akakataa kuisafisha sauti ya kwao.

Hili ndilo ninalotaka kulisema juu yake. Alinyang'anywa nchi, baba, jukwaa, wasikilizaji waliojua lugha yake. Alichokuwa amefundishwa mkononi hakikunyang'anyika, kwa sababu hakikuwa mali ya kubebwa kwenye sanduku. Naye kila alipogeuka baadaye, aligeuka akiwa nacho. Katika Exile kuna wimbo Land of Anaka, unaotaja kwa jina nchi ya wazazi wake kaskazini, ambayo leo iko wilaya ya Nwoya. Katika albamu iliyofuata upo wimbo alioupa jina la Kiswahili, Umoja. Wengine hushangaa Mwacholi anayeishi Ufaransa kuimba Kiswahili. Sisi wa kambini hatushangai. Katika Uganda ya wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya polisi na jeshi. Ndiyo tuliyochezea mpira Naguru, Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Mganda pamoja. Mtoto wa Inspekta Jenerali angewezaje kuikosa? Raia wengi waliichukia kwa sababu waliisikia kwa askari waliowaibia na kuwapiga, na siwalaumu. Lakini Oryema alikuwa na kila sababu ya kuichukia kuliko wao, naye akaiimbia.

Kutoka hapo njia zikazidi. Mwaka 1991 alishirikishwa katika albamu ya kumuenzi mtunzi wa nyimbo Leonard Cohen, pamoja na bendi za R.E.M. na Pixies na mwimbaji Nick Cave, akaimba Suzanne, wimbo wa Cohen. Wimbo wake Ye Ye Ye ukachukuliwa kuwa wimbo wa kufungulia kipindi cha usiku cha televisheni ya Ufaransa, Le Cercle de Minuit, kwa hiyo Wafaransa wengi waliijua sauti yake bila kulijua jina lake. Mwaka 1994 alishiriki kwenye muziki wa filamu ya Kifaransa, Un indien dans la ville, pamoja na mpiga dramu Manu Katché. Zikaja albamu nyingine, Beat the Border mwaka 1993, Night to Night, Spirit, na gitaa la roki likazidi kusogea mbele.

Wapo waliosema amepotea. Nimewasikia hata hapa kwetu, watu wazima wanaoujua muziki, wakilitoa lile la mwacha mila ni mtumwa. Mimi nakataa. Aliyeacha mila ni yule ambaye mila ilikuwa mlangoni pake akaipita. Huyu mlango wenyewe ulifungwa, na bunduki zikasimama mbele yake. Mtu anayeishi Ufaransa kwa miaka 30, ana watu wa kuwaimbia kila wiki, asiimbe wanachoelewa? Albamu zake za baadaye sizipendi zote kwa kipimo kimoja. Ziko nyimbo ambamo gitaa limejaa mno hadi sauti yake inakosa nafasi, na nadhani wale waliokuwa wakimwandalia muziki walitaka redio kuliko walivyomtaka yeye. Hata hivyo huo ni udhaifu wa nyimbo, haumfanyi mtu kuwa msaliti wa kwao.

Kinachoniuma zaidi ni rafu aliyowekwa. Katika maduka ya Ulaya wanamuziki wote wa kutoka kwetu waliwekwa pamoja chini ya jina la muziki wa dunia, kana kwamba Cohen na Gabriel waliimba kutoka mahali pengine nje ya dunia. Mtunzi wa nyimbo aliyeweza kusimama kati ya R.E.M. na Nick Cave alirudishwa kila mara kwenye rafu ya ngoma na vibuyu. Mwaka 2005, yalipoandaliwa matamasha ya Live 8 kwa jina la Afrika, wanamuziki mashuhuri wa Magharibi waliimba Hyde Park mbele ya London nzima, na Waafrika wengi walipewa tamasha lao Eden Project, Cornwall, mbali na jiji. Gabriel alikuwa miongoni mwa walioliandaa ili angalau nafasi ipatikane, na nadhani alifanya alichoweza. Oryema alikuwepo. Alikuwepo pia Mkenya Ayub Ogada, mpiga nyatiti, ambaye naye aliwahi kuigiza kwenye filamu, akapiga muziki mitaani London, akatoa albamu yake kwa Real World mwaka 1993. Wimbo wake Kothbiro ulisikika kwenye filamu The Constant Gardener mwaka huohuo wa 2005. Watu wawili wa ukanda wetu, wenye umri wa karibu sawa, kila mmoja amepita katika kazi tano au sita, wanapiga muziki Cornwall wakati tamasha la Afrika linaendelea kwingine. Huo nao ni uvumilivu wa kikazi, na haufundishwi shuleni.

Nimesema habari hii inawahusu vijana wanaopita mlangoni kwangu. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyesomea ufundi umeme. Asubuhi hupandisha nyaya kwenye majengo yanayojengwa Ntinda na Bugolobi. Siku asiyoitwa, huendesha bodaboda ya rafiki yake kwenye kituo karibu na soko. Usiku hutengeneza biti kwenye laptopu iliyopasuka kioo, amevaa visikizi ambavyo upande mmoja umefungwa kwa utepe wa umeme. Siku moja alinikuta namsikiliza Oryema, nikamsimulia habari zake na za Gabriel. Akacheka kwa furaha.

"Mjomba, basi na mimi niko kama wao. Kazi nyingi!"

Sikutaka kumvunja moyo, lakini sikutaka pia aondoke na uongo. Nikamwambia hapana mwanangu, hebu tutazame. Wewe bodaboda uliichagua? Akasema hapana, mjomba, ni njaa. Na umeme? Umeme alichaguliwa na mama yake, ila ameupenda kiasi. Na biti? Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Umeme unanilisha, mjomba. Lakini umeme siuoti usiku."

Tukakaa na jibu hilo muda mrefu. Siku hizi vijana wa Kampala wanaambiwa kila mahali kwamba lazima wawe wepesi, wajue kufanya kila kitu, wasitegemee kazi moja. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wenye kazi moja nzuri. Sina ugomvi na kujua mambo mengi. Nina ugomvi na kumsifu mtu kwa wepesi ambao ni kukosa pa kusimama. Mwaka 2011 wapangaji wa nyumba za zamani za Nakawa na Naguru, zilizojengwa enzi za ukoloni, waliondolewa na nyumba zikavunjwa ili ujengwe mji mpya. Niliwajua baadhi yao. Fundi cherehani aliyehamia mbali na wateja wake akawa muuza mkaa; mwalimu wa kwaya akawa mlinzi wa usiku. Nao kazi zao zilikuwa nyingi. Mtu angekuja na kamera angewaita watu wa vipaji vingi. Lakini yule mwalimu wa kwaya alikuwa na kazi aliyoijua kwa miaka mingi, na hakuna aliyejenga chumba cha kuiweka.

Kwa hiyo mpwa wangu nimemwambia asihesabu kazi zake. Ajue ni ipi iko mkononi hata taa zikizimwa, kisha aipe saa zake bora, asiipe makombo ya usiku kila siku. Ikibidi bodaboda, aendeshe. Riziki haina aibu. Ila bodaboda isimfundishe kusahau. Nilipomwambia kwamba Oryema alikaa miaka 13 kati ya buti la gari na albamu yake ya Exile, alihesabu kwa vidole, akaona atakuwa na miaka 35. Hakufurahi. Lakini tangu siku hiyo amehamisha laptopu kutoka kitandani, ameitafutia meza.

Na kwa wale kati yetu waliopata nafasi ya kuchagua, nina neno gumu zaidi, nami najihesabu humo. Tunajua kubadilisha kazi, kupanda cheo, kurudi chuoni tukiwa na miaka 40, kuanzisha biashara ya pembeni. Nani kati yetu amegeuza uhuru huo kuwa chumba cha mtu mwingine? Nakawa ina chuo cha ufundi, ina chuo cha biashara, ina jengo refu la mamlaka ya mapato. Chuo Kikuu cha Kyambogo kiko juu ya kilima. Ntinda kuna kituo cha Ndere, ambako kundi lililoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984 limekuwa likiwafundisha vijana ngoma na ala za makabila yote ya Uganda. Ndere inanionyesha kwamba hatuhitaji kumngoja Mwingereza mwenye studio. Ila Ndere ni moja, na vijana wenye laptopu zilizopasuka ni wengi mno.

Oryema alirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 2016, karibu miaka 40 tangu aondoke, akaimba Kampala. Nilisikia watu wazima wakisema kwamba Kiacholi chake kilikuwa bado cha zamani, cha wazee, kama mtu aliyehifadhi lugha bila kuitumia kwa mizaha ya kila siku. Tarehe 22 Juni 2018 alifariki Ufaransa kwa saratani, akiwa na miaka 65. Mpwa wangu alikuwa hajamsikia kabisa wakati huo, na hakuwa peke yake; hapa Nakawa ukilitaja jina lake kwa kijana wa miaka 20 atakuuliza kama ni mwanasiasa.

Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa kwa kumbukumbu ya Janani Luwum. Ofisi hufungwa, mahujaji hutembea kwenda Mucwini alikozikwa, na ni haki kabisa. Waliokamatwa naye siku ileile hutajwa kwa haraka, au hawatajwi. Nawaomba watangazaji wa redio za Kampala, mnaosikilizwa kwenye taksi na kwenye vibanda vya soko tangu alfajiri: siku hiyo ikifika, tajeni majina yote matatu. Mkishamtaja Erinayo Oryema, msiende kwenye matangazo ya biashara moja kwa moja. Pigeni Land of Anaka, wimbo mzima, waambieni wasikilizaji aliyeuimba ni nani, alijifunza nanga kwa nani, na aliondokaje nchini. Halafu wiki inayofuata pigeni ule wa Kiswahili, na Suzanne, na zile za gitaa ambazo mimi sizipendi sana, vijana waamue wenyewe.